Leza ya macho: Miwani hubadilishwa, konea hairudi

Aliyevaa miwani tangu skuli anaijua adha yake. Joto la Mombasa huiteremsha puani kwa jasho, na akiivua hamtambui hata jirani aliye ng'ambo ya barabara. Ndiyo maana wengi huulizia upasuaji wa leza. Kabla ya kutoa pesa, jua unachofanya na usichofanya.

Jicho lisiloona mbali kwa kawaida ni refu kupita kiasi. Miale ya mwanga hukutana kabla ya kufika kwenye retina, iliyo nyuma ya jicho, na vitu vya mbali huonekana kwa ukungu. Astigmatizimu ni jambo jingine: konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, haikuviringana sawasawa, kwa hivyo miale haikutani mahali pamoja. Wengi wana matatizo yote mawili.

Leza haifupishi jicho. Huchonga konea, ambayo katikati ina unene wa takriban nusu milimita tu. Katika njia ya LASIK, jicho hutiwa matone ya ganzi, utando mwembamba wa konea hukatwa na kufunuliwa kama ukurasa wa kitabu, leza huchonga chini yake, kisha utando hurudishwa. Katika PRK, njia iliyotangulia, hakuna utando unaokatwa: ngozi ya juu ya konea huondolewa, ikaota tena kwa siku kadhaa, na maumivu huwa zaidi.

Si kila jicho linafaa. Konea nyembamba, au inayochongoka kama pia, huweza kudhoofika zaidi. Kwa hivyo kupimwa ramani na unene wa konea ni lazima. Anayetaka kukupasua bila vipimo hivyo, mkimbie. Wajawazito na wanaonyonyesha husubiri. Kijana ambaye namba ya miwani yake bado inapanda naye asubiri hadi itulie angalau mwaka mmoja. Mzazi, usimharakishe.

Baadaye macho huweza kukauka kwa miezi, na taa za usiku kuonekana na duara. Kwa wengi hupungua; kwa wachache hubaki. Dereva wa usiku alipime hilo. Usisugue jicho, na bahari iache mpaka daktari akuruhusu. Katika udhu, sharia haikulazimishi kuingiza maji ndani ya jicho. Osha uso kwa uangalifu, na ukiwa na shaka muulize daktari wako na sheikh wako.

Tuliopita arubaini tujue pia kwamba leza ya kuona mbali haituondolei miwani ya kusomea. Na retina ya jicho refu hubaki na hatari yake: ukiona cheche au vidoa vingi vya ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vipimo vyako vya awali vihifadhi. Siku ya kutolewa mtoto wa jicho vitamsaidia daktari kuchagua lenzi.

Miwani ikikosewa hubadilishwa. Konea ikishachongwa hairudi. Uliza kwanza.