Kifaa cha Kupimia Umbali na Haki ya Mchezaji wa Ridhaa

Wapenzi wa mpira wa miguu wa Baraka wamezoea kuona teknolojia ya michezo ikianzia juu na kubaki hukohuko. Refa wa video alionekana katika Kombe la Dunia mwaka 2018, na mwaka uliofuata akafika Kombe la Mataifa ya Afrika, tena kuanzia robo fainali tu. Viwanja vya Fizi bado vinategemea jicho la refa na filimbi yake. Gofu, mchezo ambao haujapata makao katika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, ulipita njia nyingine: wachezaji wa ridhaa walizoea vifaa vya kupimia umbali miaka mingi kabla ya vifaa hivyo kukubaliwa katika mashindano makubwa ya kulipwa. Njia hiyo inastahili kutetewa.

Sheria za gofu hutungwa kwa pamoja na R&A ya Scotland na USGA ya Marekani. Hadi mwaka 2006 zilikataza kabisa kupima umbali kwa kifaa wakati wa mchezo. Mwaka huo kamati za mashindano zikapewa uwezo wa kuruhusu kwa kanuni ya mahali. Tarehe 1 Januari 2019 mambo yaligeuzwa. Kanuni ya 4.3 sasa inaruhusu, na kamati isiyotaka vifaa ndiyo inayopaswa kutangaza katazo. Katika yale mashindano manne makubwa ya wanaume wa kulipwa, ruhusa ilitolewa kwanza Mei 2021, kwenye PGA Championship ya Kiawah Island, ambayo Phil Mickelson aliishinda akiwa na umri wa miaka 50.

Kwa nini mchezaji wa ridhaa ndiye anayehitaji kifaa hiki zaidi? Yule wa kulipwa hufika uwanjani akiwa na kijitabu cha vipimo vya uwanja, kedi (mbebaji wa mfuko wa fimbo) aliyebobea na siku za mazoezi. Wa ridhaa anayetoka Arusha kwenda kucheza Muthaiga, Nairobi, au kwenye bonde la Kitante mjini Kampala, mara nyingi huwa ameomba ruhusa ya siku chache kazini. Hana kijitabu, na uwanja haujui. Leza, yaani kifaa kinachopima umbali kwa mwanga, ikielekezwa kwenye bendera ya shimo humpa mara moja kile ambacho mwenzake amekinunua kwa muda na fedha. Hata mahali ambapo hakuna vibao vya umbali inafanya kazi, ilimradi bendera ionekane. Programu ya simu inayotumia GPS haifai kitu kama uwanja haujachorwa kwenye ramani zake.

Pingamizi zito ni bei. Leza si kitu cha kila mtu, na kuna hofu ya haki kwamba mwenye fedha atapata faida nyingine juu ya zile alizokuwa nazo. Jibu limo ndani ya sheria zenyewe, na inasikitisha kwamba halitajwi vya kutosha. Kanuni ya 10.2 haihesabu umbali kuwa ushauri uliokatazwa kati ya wachezaji. Mchezaji anaweza kumuuliza mpinzani wake ni mita ngapi hadi shimoni, na akajibiwa bila adhabu kwa yeyote. Leza moja inaweza kuwahudumia watu wanne wanaocheza pamoja. Klabu inayojali usawa inaweza pia kununua chache na kuziazimisha.

Lakini sheria imechora mpaka, na hapo ndipo kamati za Afrika Mashariki zinapaswa kuwa macho. Kifaa kinaruhusiwa kusema umbali na mwelekeo. Hakiruhusiwi kupima mwinuko wa ardhi, wala kupendekeza fimbo ya kutumia kulingana na mahali mpira ulipo. Kasi ya upepo haipimwi uwanjani. Kurusha majani juu kuona upepo unakoelekea ni halali. Kumwaga unga kwa kusudi hilohilo ni kosa. Mvuvi wa Baraka anayetazama mawimbi upande wa Ubwari kabla ya kusukuma mtumbwi angeielewa tofauti hiyo haraka: kuusoma upepo ni sehemu ya ujuzi wenyewe.

Fimbo ambayo mashine haina ruhusa ya kuichagua, kedi anaweza kuipendekeza. Katika nchi zetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya, Uganda na Tanzania walianza kwa kubeba mifuko ya wengine. Leza inampunguzia kedi kazi ya kuhesabu hatua. Ushauri wake inauacha palepale. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika hewa hiyo nyepesi mpira huruka mbali kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Leza itasema mita 150 kwa usahihi. Kwamba mita hizo zinataka fimbo ndogo kuliko ile ya pwani, ni kedi wa Nairobi atakayemwambia mgeni, au mgeni mwenyewe atatumia jedwali aliloliandaa kabla ya mchezo, jambo ambalo sheria inaliruhusu.

Leza nyingi za siku hizi zina kitufe cha kupima mwinuko. Kuwa nacho si kosa. Kukitumia ndilo kosa, na adhabu ni mikwaju miwili katika mchezo wa kuhesabu mikwaju, kisha kuondolewa mashindanoni kwa kosa la pili. Kamati inayoona ugumu wa kulisimamia hili hujaribiwa kupiga marufuku leza zote. Ingefanya vyema zaidi kumtaka kila mchezaji amwonyeshe mwenzake, kabla ya mkwaju wa kwanza, kwamba kitufe hicho kimezimwa.