Vita Visivyo na Jina: Udhibiti wa Filamu Nchini Ufaransa, 1957–1975

Historia ya udhibiti wa filamu zinazopinga vita huandikwa, kwa kawaida, kwa kufuata amri za serikali. Mifano miwili kutoka Ufaransa, yote ya enzi ya Vita vya Algeria (1954–1962), inaonyesha kwamba amri ni sehemu tu ya historia hiyo.

Mfano wa kwanza una amri. Mwaka 1960 Jean-Luc Godard alitengeneza Le Petit Soldat, filamu ambayo mhusika wake mkuu ni Mfaransa aliyetoroka jeshi. Mateso yanayoonyeshwa waziwazi ndani yake hufanywa na wapigania uhuru wa Algeria. Yale ya upande wa Wafaransa husimuliwa tu. Hata hivyo, serikali iliipiga marufuku mwaka huohuo. Iliruhusiwa kuonyeshwa mwaka 1963, wakati Algeria ilikuwa imekwisha kujitawala.

Mfano wa pili hauna amri. Paths of Glory ya Stanley Kubrick (1957) inasimulia kisa cha askari watatu wa Ufaransa waliopigwa risasi, katika Vita Kuu ya Kwanza, ili kuficha kosa la majenerali wao. Wasambazaji, wakitambua kwamba serikali haikuitaka, hawakuiwasilisha mbele ya bodi ya udhibiti. Filamu hiyo haikuonyeshwa nchini Ufaransa hadi mwaka 1975. Mtafiti atakayetafuta hati ya kuipiga marufuku hataipata. Miaka 18 ya ukimya ndiyo hati yenyewe.

Ukimya huo ulikuwa pia wa kilugha. Katika lugha rasmi ya dola, yaliyotokea Algeria yaliitwa “operesheni” za Afrika Kaskazini. Ni sheria ya Oktoba 1999 iliyoingiza neno “vita” mahali pake. Kwa hiyo, filamu ya Godard ilizuiwa kwa sababu ya vita ambavyo, kisheria, havikuwapo.

Hoja ya makala hii ni kwamba udhibiti wa picha na udhibiti wa msamiati ni tendo moja. Anayeuchunguza hana budi kusoma, pamoja na amri zilizotiwa saini, tarehe zilizocheleweshwa na maneno yaliyoepukwa. Asipofanya hivyo, ataihesabu Paths of Glory miongoni mwa filamu zilizokuwa huru.