Tanini na Ukakasi katika Divai ya Tannat

Uruguay ni nchi ndogo iliyobanwa kati ya Brazili na Argentina, yenye watu wapatao milioni 3.5 na ng'ombe wanaozidi idadi hiyo mara tatu. Divai yake nyekundu iliyo mashuhuri kuliko zote ni Tannat, jina lililotokana na aina ya zabibu inayoizaa. Anayeionja ikiwa bado changa huelekea kusema ni chungu, au ni kali. Maneno yote mawili hayajalenga. Uchungu ni ladha, kama ya mwarobaini. Ukali wa pombe huunguza koo. Tannat hukausha kinywa, ulimi ukakosa kuteleza na fizi zikawa kama zinavutwa. Hali hiyo ina jina lake la siku nyingi katika Kiswahili: ukakasi. Aliyewahi kutafuna bibo au kuuma ndizi mbichi hahitaji kamusi.

Kinachouleta ukakasi huo ni kemikali ziitwazo tanini, na hapa ndipo wafasiri wanapochanganya mambo. Mate yetu yana protini zinazokilainisha kinywa. Tanini huzing'ang'ania protini hizo na kuzigandisha pamoja, utelezi ukatoweka. Kwa hiyo ukakasi ni mguso zaidi kuliko ladha. Mkemia atapima tanini; mnywaji atahisi ukakasi. Na viwili hivyo havipandi na kushuka pamoja kila mara, kwa kuwa divai ikikaa miaka kadhaa tanini zake hubadilika umbo, ikawa laini kinywani ingawa bado inazo nyingi.

Je, tutafute neno la Kibantu badala ya tanini? Sioni haja. Asili yake ni neno la Kifaransa la magome ya mwaloni yaliyosagwa kwa ajili ya kudabighi ngozi, yaani kuitengeneza isioze. Kazi hiyo si ngeni kwetu: magome ya mikoko ya pwani yalisafirishwa ng'ambo kwa ajili hiyo hiyo, na huko Njombe miti ya miwati imelimwa kibiashara tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu ya tanini iliyomo katika magome yake. Hata chai ya rangi iliyosahauliwa na majani yake birikani inayo, kwa hiyo istilahi hii si mali ya wanywa pombe peke yao.

Katika zabibu, tanini hukaa kwenye ganda na mbegu. Divai nyekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, na ndiyo maana hubeba tanini nyingi kuliko nyeupe, ambayo juisi yake hutenganishwa mapema. Zabibu ya Tannat ina ganda nene na mbegu nyingi kuliko kawaida. Kwao ni Madiran, kusini-magharibi mwa Ufaransa, na ni huko huko ambako Patrick Ducournau, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alibuni mbinu ya kupitisha vipovu vidogo vya oksijeni ndani ya divai ili kupunguza ukakasi wake.

Uruguay iliipata zabibu ya Tannat kupitia Pascual Harriague, Mbaski kutoka Ufaransa aliyeipanda Salto katika miaka ya 1870. Kwa muda mrefu Wauruguay waliiita zabibu hiyo Harriague. Leo mashamba mengi yako Canelones, jirani na Montevideo, ambako upepo wa Atlantiki hupoza joto la kiangazi.

Mezani, tanini hupata kazi nyingine. Asado, nyama ya ng'ombe inayookwa polepole juu ya makaa ya kuni, ina protini na mafuta ya kutosha kuzishughulisha tanini kabla hazijayavamia mate. Mbavu, kondoo na jibini iliyokomaa hufaa pia. Hata chivito, mkate wao uliojazwa nyama ya ng'ombe, yai na jibini (jina lake ni mwana-mbuzi, ila mbuzi hayumo), huenda nayo vizuri. Pilipili huzidisha ukali wa divai hii, na samaki mwepesi wa kuchemsha hufunikwa kabisa. Mlo wako ukiwa huo, fungua chupa ya divai nyeupe.