Kigonsera na Swali la Baada ya Shule



Kijitabu cha harambee kimezoea kubeba habari za mabati, matofali na madawati. Safari hii tunaomba tuwakumbushe historia ya jambo jingine ambalo wazee wetu walilishughulikia kwa bidii, nasi tumeliacha lijiendee lenyewe: kumwandaa kijana kwa maisha ya siku inayofuata baada ya kumaliza shule. Tukiitazama historia hiyo tutaona kwamba kila zama zilikuwa na mtu au chombo cha kumwonyesha kijana njia. Katika zama zetu hizi kiti hicho kiko wazi.

SENGU KABLA YA SHULE

Kabla ya kuja kwa misheni, Wamatengo walikuwa na sengu. Jioni wanaume wa ukoo, yaani babu, wanawe na wajukuu, walikutana kwa mzee wao. Kila nyumba ilileta chakula, wakala pamoja, na baada ya kula wakazungumza. Hapo ndipo ugomvi ulipoamuliwa, kazi za kesho zilipopangwa, na vijana walipofundishwa adabu, historia ya ukoo na namna ya kuishi na watu.

Mafunzo yale yalikuwa na mwisho unaojulikana. Kijana alijifunza kulima ngoro kwa kuilima. Wanaume walifyeka nyasi na kuzilaza katika mistari inayokatizana. Wanawake walichimba udongo wa katikati na kuzifunika, likabaki shimo la kushika maji ya mvua yasiporomoshe mlima. Aliyeiweza kazi hiyo alijua kwamba siku ya kuoa ikifika atapewa pa kulima katika ntambo wa ukoo. Hakuna aliyebaki akijiuliza, "Sasa niende wapi?"

MISHENI: ALIYESOMA ALIKUWA NA PA KWENDA

Wamisionari Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 walifungua misheni ya Kigonsera mwaka uliofuata, 1899. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilileta vifo na njaa katika nchi yote ya Songea, lakini baada ya vita shule ziliendelea kuenea vijijini. Upande wa ziwa, Waanglikana wa UMCA walikuwa na makao yao kisiwani Likoma, na walimu wao walifundisha katika vijiji vya mwambao wetu.

Elimu ya misheni ilikuwa nyembamba, nayo haikuficha makusudi yake. Aliyesoma vizuri aliandaliwa kuwa katekista, mwalimu au padre. Peramiho palikuwa na karakana za mafundi, kiwanda cha uchapaji na hospitali, na kote huko walihitajika watu waliofundishwa. Kijana hakuulizwa anapenda nini, ila alijua anapelekwa wapi.

Kigonsera ikawa na seminari, na wavulana walikuja kutoka mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alisoma hapa kijana kutoka Lupaso, karibu na Masasi, aliyeitwa Benjamin William Mkapa. Hakuishia kuwa padre. Aliendelea na masomo Ndanda, kisha Pugu, akahitimu Makerere mwaka 1962, na mwaka 1995 akawa Rais wa awamu ya tatu. Tunamtaja si kwa kujisifu peke yake. Habari yake inaonyesha kwamba hata katika zama ambazo njia ilikuwa imechongwa, kijana angeweza kugeuka njiani, mradi kulikuwa na shule nyingine ya kumpokea na watu waliomjua vya kutosha kumwelekeza huko.

MKONGE NA KAHAWA

Tusisahau wengi ambao hawakupata darasa. Wakati wa Waingereza eneo letu lilikuwa ndani ya Wilaya ya Songea, na Songea ilihesabiwa miongoni mwa sehemu za kuchukua vibarua. Wanaume waliandikishwa kuwa manamba na kusafirishwa hadi mashamba ya mkonge ya Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, SILABU. Hiyo nayo ilikuwa njia ya maisha, iliyochongwa na mwenye shamba kwa faida yake. Wengine walirudi na blanketi na baiskeli, na wengine walibaki Tanga moja kwa moja.

Kahawa ndiyo iliyotupa nafasi ya kukataa safari ile. Ililetwa katika milima ya Umatengo miaka ya 1920, na mwaka 1936 ukaundwa ushirika wa Wangoni na Wamatengo, NGOMAT. Kwa miaka mingi baba mwenye kahawa aliweza kumwambia mwanawe, "Soma, ada ipo." Nyumba nyingi za wasomi wa Kigonsera na Mbinga zimesimama juu ya miche ile.

TAIFA JIPYA LILIPOCHUKUA JUKUMU

Baada ya Uhuru Serikali ilichukua kazi ya kumwonyesha kijana njia. Wasomi walikuwa wachache mno. Chuo kikuu chetu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Aliyefika kidato cha sita alikuwa mali ya taifa. Mipango ya nguvukazi ilionyesha wanatakiwa walimu wangapi, waganga wangapi na mabwana shamba wangapi. Jeshi la Kujenga Taifa lilianza mwaka 1963, na baadaye likawa la lazima kwa wahitimu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliongeza kwamba kijana afanye kazi kwanza ndipo aombe chuo kikuu.

Kwa wale ambao hawakuendelea, Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967. Hoja yake ilikuwa nzito: waliomaliza shule ya msingi na kupata nafasi ya sekondari walikuwa kama asilimia 13 tu, na waliobaki waliondoka wakijiona wameshindwa. Alitaka shule ya msingi imtosheleze mtoto kwa maisha ya kijijini.

Mkoa wetu ulikuwa umeanza kulijaribu jambo hilo. Vijiji vya Umoja wa Maendeleo ya Ruvuma, chini ya uongozi wa Ntimbanjayo Millinga na wenzake, vilikuwa na shule yao Litowa, upande wa Songea. Watoto walisoma na kulima pamoja, na wanakijiji wenyewe walikaa kuamua mtoto afundishwe nini. Umoja ule ulivunjwa Septemba 1969. Hatuandiki hapa ili kufufua ubishi wa wakati ule. Tunakumbusha tu kwamba watu wa Ruvuma walikwisha kuamini kuwa maandalizi ya kijana ni kazi ya jamii inayomzaa, na walijua namna ya kuifanya.

MILANGO MINGI, MWONGOZAJI HAKUNA

Mabadiliko yalikuja kwa pamoja. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ulivunjika, na bei ikaporomoka. Katikati ya miaka ya 1990 soko la kahawa likaachwa huria na vyama vyetu vya ushirika vikayumba. Serikali nayo ilipunguza ajira, na ule uhakika wa mhitimu kupangiwa kazi ukaisha. Mwaka 1994 JKT ya lazima ilisimamishwa, hadi iliporudishwa mwaka 2013.

Wakati huohuo shule zikaongezeka. Kuanzia mwaka 2004 mpango wa MMES ulileta sekondari za kata, zilizojengwa kwa jasho la wananchi, na nguvu za wengi wanaosoma kijitabu hiki zimo. Sheria ya mwaka huohuo, 2004, iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na Rais wa wakati ule alikuwa yuleyule mwanafunzi wa zamani wa Kigonsera. Bodi ilianza kazi mwaka 2005. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022.

Hizi ni baraka, na tunazishukuru. Lakini tazameni kilichobadilika. Zamani milango ilikuwa miwili au mitatu na palikuwa na mtu amesimama mlangoni akimwita kijana kwa jina. Leo milango ni mingi, kila mmoja una fomu yake, tarehe yake na sharti lake, na aliyesimama pale ni kijana peke yake na simu, kama anayo.

KWA NINI KIDATO CHA TANO

Wengi wetu tunaanza kuuliza "sasa utafanya nini?" matokeo ya kidato cha sita yanapotoka. Tunakuwa tumechelewa. Kidato cha tano huanza Julai, na mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei ya mwaka wa pili wake. Baada ya mtihani wengi huitwa JKT kwa mujibu wa sheria. Mara nyingi maombi ya mikopo na ya vyuo hufunguliwa kijana akiwa bado kambini au ndiyo kwanza ametoka. Kama karatasi zake hazijawa tayari, hawezi kuzitafuta akiwa huko.

Na karatasi zenyewe si mchezo. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Aliyefiwa na mzazi anatakiwa awe na cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Anatakiwa mdhamini, na sahihi ya serikali ya kijiji au mtaa. Huku kwetu watoto wengi wana jina moja la ubatizo, jingine la babu na jingine aliloandikiwa na mwalimu wa darasa la kwanza. Majina ya cheti cha kuzaliwa yasipofanana na ya cheti cha kidato cha nne, kuna kazi ya viapo na safari za mjini. Yatima ndiye mwenye haki kubwa ya mkopo, naye ndiye ambaye karatasi zake ni ngumu kuliko za wote.

Kuna pia suala la tahasusi. Sharti la jumla la chuo kikuu ni kufaulu masomo mawili kwa alama kuu zenye jumla isiyopungua pointi 4, lakini kila kozi ina masharti yake zaidi ya hapo. Kijana wa kidato cha tano akiusoma mwongozo wa udahili wa TCU mapema, bado ana muda wa kutia nguvu somo linalohitajika. Akiusoma baada ya mtihani, ataishia kuhesabu alichokikosa.

Wala chuo kikuu si mlango pekee. Kuna stashahada za afya, kilimo na ufundi katika vyuo vinavyosimamiwa na NACTVET. Kuna VETA Songea, kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Mbinga, na kuna kituo cha utafiti wa kahawa Ugano, ambako kijana mwenye shamba la baba yake anaweza kuuliza habari za miche bora. Kurudi ngoroni na kwenye kahawa kwa maarifa si kushindwa, ikiwa kijana amechagua mwenyewe akijua hesabu yake.

Jambo la mwisho ni umbali. Kidato cha tano hupangwa kitaifa. Mtoto wa Kigonsera huenda akapelekwa Tabora au Iringa, na mtoto wa Kagera akaletwa Sekondari ya Kigonsera. Wa kwetu tunampata likizoni tu. Wa wenzetu tunaye mlangoni kila siku. Wote wawili wanatuhusu. Tukimsaidia mgeni aliye kwetu, tutakuwa na uso wa kuomba msaada kwa walio karibu na wa kwetu.

TUNACHOWAOMBA

Ndugu zetu, tunapendekeza turudishe sengu kwa sura ya leo. Kila likizo ya Desemba wanafunzi wa kidato cha tano waliorudi nyumbani, pamoja na wazazi au walezi wao, wakae siku mbili na watu wa chama chetu. Siku ya kwanza ni ya karatasi: kukagua vyeti, kulinganisha majina na kuandika nani anakosa nini. Siku ya pili ni ya mazungumzo na watu wenye kazi zao: muuguzi, fundi umeme, mkulima wa kahawa, mwalimu, mfanyabiashara wa usipa kutoka Mbamba Bay, mhasibu aliyeko Dar es Salaam.

Fedha za harambee ya mwaka huu zitakwenda kwenye nauli na gharama za vyeti kwa wasio na uwezo, yatima wakiwa wa kwanza, na chakula cha siku hizo mbili. Lakini kuna mchango mwingine usiolipwa kwa fedha. Kila mwanachama ajaze kwenye fomu yake kazi anayoifanya na mji anaoishi, na kama yuko tayari kupigiwa simu na kijana au kumdhamini. Barabara ya lami kutoka Peramiho hadi Mbinga imefupisha safari. Hatuna tena kisingizio cha udongo wa masika.

Wazee wetu waliwaita vijana kwenye chakula, wakawaambia njia. Misheni ikafanya kwa namna yake, Serikali ikafanya kwa yake. Zamu hii ni yetu. Mkono mmoja haulei mwana. Karibuni tuchangie.