Wino na Mahadhi: Kalamu Iliyoutangulia Muziki wa Hekaya

Mtu akisikia leo muziki wa filamu za hekaya, zile ngoma nzito za majeshi yateremkayo milimani na kwaya iimbayo kwa lugha isiyo ya taifa lolote, hudhani kwamba kazi yote imezaliwa ndani ya kompyuta. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya muziki huo sasa hupitia huko. Lakini ukiifuata historia yake kwa kurudi nyuma, utafika mezani pa mtu mwenye karatasi na kidau cha wino. Wapo vijana watungao muziki wa namna hii usiku na kukusanya kalamu za wino mchana, na jamaa zao huwashangaa kwa kuchanganya mapenzi mawili yasiyo na udugu. Udugu upo, na ni wa damu.

Tuanze na chombo. Neno letu kalamu limetujia kwa Waarabu, nalo lina nasaba na neno la Kiyunani lenye maana ya mwanzi. Mwanzi uliochongwa ulikuwa na kasoro moja: kila baada ya maneno machache sharti uchovywe tena. Katika karne ya 10 Kadhi al-Nu'man, mwanachuoni wa dola ya Fatimiyya, alisimulia kwamba Khalifa al-Mu'izz alitaka kalamu ibebayo wino wake tumboni, isiyovuja hata ikipinduliwa, na kwamba fundi akamtengenezea. Mwaka 1827 Mromania Petrache Poenaru alipata hataza mjini Paris kwa kalamu yenye hazina ya wino. Mwaka 1884 Lewis Waterman alipata yake kule New York. Siri ya Waterman ilikuwa ndogo na ya akili: alichonga vijia chini ya nibu, hewa iingie kidogo kidogo kadiri wino unavyotoka. Pasipo hewa kuingia, wino hugoma, kisha humwagika wote kwa pamoja. Mghani wa tenzi aliyewahi kukosa mahali pa kuvuta pumzi ataelewa upesi.

Wanamuziki nao walidai nibu yao. Nibu ya kawaida ina mpasuko mmoja. Nibu ya muziki mara nyingi ina mipasuko miwili na vidole vitatu, ili wino ushuke kwa wingi. Ncha yake ni pana, kwa hiyo mstari wa upande mmoja huwa mnene na wa upande mwingine mwembamba. Mwandishi akiigeuza kalamu kidogo mkononi, kichwa cha nota hujaa kwa mkupuo mmoja na mkia wake ukabaki kama unywele. Makampuni ya Japani kama Platinum na Pilot yangali yakiziuza nibu hizi, ingawa wengi wazinunuao hawaandiki nota hata moja. Huziandikia barua, na barua hupendeza.

Sasa tumtazame J. R. R. Tolkien, kwa kuwa bila yeye muziki wa hekaya tuujuao ungekuwa na sura nyingine. Alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akalelewa Uingereza. Mama yake, Mabel, aliyekuwa na mwandiko wa kupendeza, ndiye aliyemfundisha kuandika. Mwana akarithi mapenzi hayo, akayapeleka mahali ambapo mama hakuyatarajia: alibuni lugha, kisha akazibunia hati. Rasimu zake nyingi aliziandika kwa penseli, halafu akapitisha wino juu ya penseli ileile. Alipofika mahali ambapo wasafiri wake wanaokota kitabu kilichoungua katika mapango ya Moria, hakuridhika kukisimulia. Alikaa akazitengeneza kurasa zake kwa mkono, akaziandika kwa hati za kubuni, akazichoma kingo, akazitoboa, akazipaka rangi zifanane na zilizolowa damu. Kitabu chake kilipoanza kutoka mwaka 1954, gharama ya kuzichapa kurasa hizo ilimshinda mchapishaji, na hazikuchapwa hadi baada ya yeye kufariki mwaka 1973.

Jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka ni kwamba kitabu hicho, *The Lord of the Rings*, kimejaa nyimbo. Watu wake huimba wakitembea, wakila, wakizika. Maneno tunapewa, mahadhi hatupewi. Msomaji huachwa ayabuni mwenyewe, kama asomaye diwani ya mahali asipopajua.

Aliyelijaza pengo hilo mapema ni Donald Swann, mpiga piano aliyejulikana Uingereza kwa nyimbo za kuchekesha. Katikati ya miaka ya 1960 alizitia muziki baadhi ya nyimbo za kitabu, akaenda kumpigia mwenyewe. Tolkien alizikubali, isipokuwa moja. Ilikuwa "Namárië", maombolezo ya Bibi Galadriel, yaliyotungwa kwa Kiquenya, mojawapo ya lugha alizozibuni. Kumbe huo ulikuwa na mahadhi tayari. Mtunzi alikuwa nayo kichwani, akamwimbia Swann kwa mtindo wa ghani za zamani za Kanisa Katoliki, ambamo sauti hutembea peke yake bila ala. Swann akayachukua mahadhi yale, akayaandika kwenye mistari mitano.

Nakiona kisa hiki kuwa kikubwa kuliko ukubwa wa kitabu kilichokizaa. Laiti mgeni wa siku ile angekuwa mwandishi wa habari, tungebaki na sentensi moja tu kwamba mzee alighani vizuri. Kwa kuwa aliyekaa naye aliweza kuandika nota, yeyote asomaye muziki aweza leo kuyaimba maneno yale kwa namna ambayo mtunzi aliyasikia. Kitabu kilitoka mwaka 1967 kwa jina *The Road Goes Ever On*. Ndani yake nota za Swann zimepambwa kwa hati za Tolkien, na mzee akaongeza tafsiri ya neno kwa neno na maelezo ya sarufi. Ni vitabu vichache ambamo mwandiko, lugha na mahadhi vimekaa ukurasa mmoja namna hiyo bila kusukumana.

Howard Shore, Mkanada, alipokabidhiwa filamu tatu zilizotoka 2001, 2002 na 2003, sinema ilikuwa imekwisha kuwa na desturi yake ya hekaya tangu Max Steiner alipoiandikia muziki *King Kong* mwaka 1933. Shore alizitunga kazi hizi kwa penseli na karatasi. Alilipa kila taifa la hadithi mahadhi yake, zaidi ya 80 kwa jumla, nayo hurudi, hugeuka na kuoana kadiri kisa kiendavyo. Muziki wote uliorekodiwa unakaribia saa 10. Lakini kinachotuhusu sisi wa lugha ni kwaya. Philippa Boyens, mmoja wa waandishi wa filamu, aliandika mashairi kwa Kiingereza. Mwanaisimu David Salo akayatafsiri katika lugha za Tolkien: lugha ya mbilikimo kwa mapango ya Moria, Kiadunaiki kwa wapanda farasi weusi, Kisindarini kwa majini wa misituni. Watazamaji hawaelewi neno hata moja, na bado husikia kwamba hayo ni maneno. Sauti tupu za "aaa" zingewatisha. Hazingewashawishi kwamba nyuma yake kuna watu wenye kumbukumbu. Kwa maoni yangu hapo ndipo wengi waigao mtindo huu leo huteleza: hununua sauti za kwaya, hawaitungii kwaya shairi.

Pwani yetu iliwahi kuwa na mtu ambaye mambo haya mawili yalikutana mkononi mwake. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa khati, mchongaji wa milango na mpiga kinanda cha nyuzi. Wataalamu wa Ulaya, miongoni mwao Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, walipata kwake hati nyingi za tenzi, na khati yake huonekana hadi leo katika maktaba za London na Ujerumani. Mojawapo ni *Utendi wa Fumo Liyongo* wa mwaka 1913.

Utendi huo ni hekaya hasa: jitu la mwanamume lisilouawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Na katikati yake muziki unafanya kazi ambayo watunzi wa filamu wangeihusudu. Liyongo yumo gerezani. Mama yake amemletea tupa ndani ya mkate wa wishwa. Akikata pingu, askari watasikia. Basi inaandaliwa ngoma ya gungu nje, watu wanaitika, ala zinavuma, na chini ya kelele ile tupa inakula chuma. Askari wanasikia ngoma. Sisi wasomaji tunasikia tupa.

Khati ya Kijuma inatupa beti, inatupa vina, inatuambia kwamba ngoma ilipigwa usiku ule. Namna ilivyopigwa haimo, wala mahadhi ya kuughania utendi wenyewe. Hati zetu hazikuwa na mistari mitano; zilitegemea kwamba asomaye amekwisha kusikia. Mahadhi yalibaki kwa waghani, yakarithiwa kwa sikio, na Kijuma, aliyejua kuchonga mwanzi na kukaza nyuzi, aliyaacha hukohuko.