Kuzima, Kuzuia Kujiwasha, Kufungia

Kifurushi cha programu kama Roundcube, ya barua pepe, kikisasishwa kwenye Debian au Ubuntu, hakibadilishi mafaili tu. Skripti yake ya usanidi huingia kwenye hifadhidata na kurekebisha majedwali yaendane na toleo jipya. Ikikuta huduma ya hifadhidata, MySQL au MariaDB, haiko hewani, usasishaji hukwama na kifurushi hubaki kimesanidiwa nusunusu. Fundi wa Kahama au Katoro akiuliza sababu, huambiwa huduma "imelemazwa", tafsiri ya "disabled" ya Kiingereza, na neno hilo linampotosha. Kulemaza ni kutia ulemavu. Anayelisikia hudhani hifadhidata imeharibika, akaanza kuifuta ili aiweke upya, na kumbukumbu za ofisi zikaondoka nayo.

Kumbe huduma ni nzima. Systemd, msimamizi wa huduma katika Linux, ina amri tatu tofauti. Amri ya "stop" huizima huduma papo hapo. Ya "disable" haiizimi, bali huizuia kujiwasha kompyuta inapoanza. Ndiyo maana tatizo hujitokeza baadaye, pengine baada ya umeme kukatika na kurudi. Ya "mask" huifungia kabisa, hata ukiiwasha kwa mkono inakataa. Kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, huko Nyarugusu mkoani Geita, kuzima jenereta la akiba, kulizuia lisijiwashe umeme ukikatika na kulitia kufuli ni mambo matatu, na hakuna anayeyachanganya. Basi na tuseme kuzima, kuzuia kujiwasha na kufungia.

Watakaopinga watasema "lemaza" limeshazoeleka, na kwamba "kuzuia kujiwasha" ni refu. Mazoea ni hoja nzito pale neno linapofanya kazi yake. Hili halifanyi, kwa sababu tiba za hali hizo hazifanani. Huduma iliyozuiwa kujiwasha huwashwa kwa mkono na usasishaji ukaendelea. Iliyofungiwa haiwaki mpaka ifunguliwe. Wengine watasema mafundi wamezoea amri za Kiingereza. Ni kweli, lakini maelezo kwa karani na mwenye ofisi hutolewa kwa Kiswahili, na tangu soko la madini la Geita lifunguliwe Machi 2019, wanaohitaji maelezo hayo katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama si mafundi peke yao.

Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na watafsiri wa programu wazitenganishe istilahi hizi. Nawe fundi, usasishaji ukikwama usifute kitu: angalia kwanza hali ya huduma, ifungue kama imefungiwa, iwashe, kisha malizia usanidi uliokwama kwa amri ya dpkg --configure -a.