Kilio cha Mtoto Asiyeweza Kusema

Hapa Kalemie, kama katika kila mji, wako watoto wasioweza kukaa wala kusema, kwa sababu ubongo wao uliumia. Pengine mtoto wa namna hii akiisha kunywa uji hulia, hutapika, hupinda shingo na mgongo kama upinde. Jirani mmoja husema, “Ni kifafa.” Mwingine husema, “Ni pepo.” Mama hunyamaza kwa haya. Basi tutazame jinsi sababu yake ilivyojulikana.

Tumboni mna maji makali ya kuyeyushia chakula. Mwaka 1823 Mwingereza William Prout alionyesha kwamba ukali huo ni tindikali, yaani asidi. Juu ya tumbo pana mlango unaoizuia isipande. Kwa watoto hao mlango huo mara nyingi hulegea, nao hushinda wamelala. Ndipo tindikali hupanda na kuunguza umio, njia ya chakula. Sisi tukipata kiungulia twasema. Wao watasemaje?

Mwaka 1935 Asher Winkelstein wa New York alieleza jinsi tindikali inavyoliumiza umio. Siku hizo, ng'ambo ya ziwa letu, huko Karema, alikuwako Adrien Atiman, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na Mapadri Weupe, akasomea uganga kisiwani Malta. Alitibu watu zaidi ya miaka 60, hata akafariki mwaka 1956. Lakini wakati wake hata mabingwa wa Ulaya hawakuwa na dawa ya hakika ya kulizuia tumbo lisitoe tindikali nyingi. Kwa hiyo tusiwalaumu bibi zetu.

Mwaka 1964 Marcel Kinsbourne, huko London, aliandika habari za watoto waliopinda shingo kwa namna ya ajabu. Kumbe asili yake ilikuwa tumbo! Kisha, mwaka 1976, dawa ya cimetidine, iliyotokana na kazi ya James Black, ilianza kuuzwa Uingereza. Baadaye ikaja omeprazole, yenye nguvu zaidi.

Lakini dawa peke yake haitoshi. Mtoto alishwe akiwa ameinuliwa kifua na kichwa, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Asilazimishwe. Akiisha kula asilazwe upesi. Mkimwona anapaliwa kila mara, anakonda, au anatapika damu, mpelekeni hospitali bila kukawia. Daktari ndiye atakayepambanua kifafa na kiungulia, maana mtoto aweza kuwa na vyote viwili. Naye ndiye wa kupima kiasi cha dawa. Msinunue sokoni kwa kubahatisha.

Watu wa elimu walichukua zaidi ya miaka 100 kukielewa kilio hiki. Sisi tumekwisha kupata maarifa yao. Tukimsikia mtoto wa jirani akilia baada ya kula, tusinong'one habari za pepo. Tumsaidie mama yake kumwinua.